Kioo Nyuma ya Pikapu

Fundi vioo huyu walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kama shati lililoshonwa na mtu anayemjua. Mteja angeweza kusimama mlangoni mwa karakana akigonga funguo kwenye fremu, akikohoa, akitazama barabarani na kurudisha macho ndani. Taratibu angechovya ncha ya kisu cha almasi kwenye kopo la mafuta ya taa, angelaza rula, kisha angevuta mstari mmoja kutoka juu hadi chini bila kurudia. Kisu kikiimba sawasawa, alisema, kioo chenyewe kinakubali. Halafu alikisogeza hadi ukingoni mwa meza, ile meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, akakibonyeza kwa viganja viwili, nacho kikaachana kwa mlio mdogo, kama mtu anayevunja biskuti chumba cha pili.

Pikapu yake aliiendesha vilevile. Nyuma aliweka fremu ya mbao yenye umbo la paa, vioo vikisimama juu yake kwa ubavu, karatasi za magazeti zikiwa katikati, kamba ikiwa imezungushwa na kuzungushwa tena. Alikata kona kama mtu mwenye beseni la maji kichwani. Vijana wa gereji ya jirani walimwona akipita wakampigia kelele.

"Taratibu, unapeleka kioo au unapeleka maiti?"

"Maiti hapasuki," aliwajibu, akaendelea na safari yake.

Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, dirishani, na vitambaa vilivyokunjwa vilipanda ukutani nyuma yake. Watu walipowauliza siri ya kuelewana kwao, mama huyo hakuinua hata kichwa. "Yeye anafungua dirisha, mimi nalifunika. Tutagombana wapi?"

Mke huyo alikuwa na mama mzazi upande wa pili wa mlima, aliyeishi na binti yake mdogo, na kila Jumamosi mchana fundi na mkewe walifunga kazi wakaenda kumtazama, wakalala, wakarudi Jumapili asubuhi. Barabara ya kwenda huko ni moja, nyembamba, upande wa kwenda na upande wa kurudi, na chini ya mlima kuna kiwanda cha saruji. Kwa hiyo ilikuwa barabara ya malori. Kwenye kupanda yalitambaa na kutoa moshi. Kwenye kushuka yalikuja nyuma ya magari madogo na kuyaganda, kiasi kwamba mtu akitazama kioo cha juu ya usukani haoni taa wala dereva, anaona vyuma vya mbele tu, kama amefungiwa geti mgongoni.

Jumapili moja lori la namna hiyo liliwaganda tangu kileleni. Mbele ya shule kuna tuta. Taratibu alipunguza mwendo kama anavyopunguza siku zote, na lori halikuwa na nafasi ya kupunguza wake; likawagonga kwa nyuma.

Hakuna aliyekufa. Mkewe alivaa kola ngumu ya shingo kwa miezi kadhaa, ikavuliwa, shingo ikarudi kugeuka. Kilichobaki hakikuwa shingoni. Siku ya kwanza ambayo pikapu ilitoka gereji ikiwa na bodi mpya, alivaa akatoka, akafika mlangoni mwa gari, akashika kitasa, akasimama pale. Kisha akarudi ndani akaanza kukunja mapazia ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa. Jumamosi iliyofuata hakufika hata kwenye kitasa. Basi la abiria alilijaribu, akashuka kabla halijatoka kituoni.

Katika miezi hiyohiyo miguu ya mama yake ilimkataa. Mama akawa mtu wa kitandani. Mdogo wake alipiga simu.

"Dada, mama anakuulizia."

"Mwambie nakuja."

"Nimeshamwambia. Anauliza tena."

Taratibu aliyasikia hayo kutoka chumba cha pili, akajua kwamba kazi yake sasa ni moja: amfikishe mkewe kwa mama yake wakati mama bado anaulizia. Hakumlazimisha. Alimuuliza jambo moja tu, jioni, akiwa anamshikia ncha ya kitambaa apime. "Nikihakikisha hakuna lori litakalotusogelea, utapanda?"

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Utahakikishaje, Fundi? Barabara si ya kwako."

Jaribio la kwanza lilikuwa maandishi. Rafiki yake mchora mabango alimwandikia kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, TAFADHALI KAA MBALI, kwa herufi zenye vivuli na ua dogo kila pembe. Taratibu akaenda mlimani peke yake kujaribu. Akarudi akiyatazama maandishi upya. Herufi zilikuwa nzuri lakini ndogo, na madereva wa malori walikuwa wanasogea karibu ili wazisome.

Jaribio la pili lilizaliwa karakanani. Pale alikuwa na kioo kikubwa cha kujitazamia, kilichorudishwa na saluni moja kwa sababu kona yake ilikuwa imeingia ukungu, na alikiegemeza ukutani mkabala na mlango. Kwa miaka mingi alikuwa ameona jambo asilolitilia maanani. Kila mteja aliyeingia kwa haraka alijikuta uso kwa uso na mtu mkubwa anayemjia, akarudi hatua nyuma kabla hajajitambua, kisha akacheka na kujiweka sawa kola. Hakuna aliyeambiwa arudi nyuma. Alijiona tu.

Alikipunguza kioo kile, akakitia fremu ya chuma na raba pembeni, akakifunga nyuma ya pikapu. Akakilaza kidogo ili uso wake utazame juu, maana dereva wa lori anakaa kama mtu aliye ghorofani. Akapanda mlimani, akasubiri. Lori likaja, likasogea, likasogea, halafu likasita na kubaki nyuma, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mtu.

Habari zilienea barabarani. Pikapu ikaitwa Gari la Kinyozi. Kwenye kituo cha mafuta dereva mmoja alimwambia, "Mzee, leo umenisaidia, nilikuwa nimesahau kuchana nywele." Mwingine alisogea makusudi ili atazame jino lililokuwa likimsumbua. Lakini wengi walijiona na wakarudi nyuma, na hilo ndilo Taratibu alilolitaka.

Alimchukua mkewe hadi nyuma ya gari. Hakumweleza kitu. Mkewe akaja akifuta mikono, akajiona, akarudi hatua moja, akasimama akijitazama kwa muda. Nywele za mvi zilikuwa zimeongezeka bila yeye kuambiwa.

"Sawa," alisema. "Jumamosi."

Safari ya kwanza alishika mpini wa mlangoni kwa mikono miwili na hakuondoa macho kwenye kioo cha ubavuni hata kwa kupepesa. Lori moja lilikuja. Akaacha kupumua. Lori likajiona, likapungua, akapumua. Alipofika kwa mama yake alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kichwa mapajani pa mgonjwa kama yeye ndiye aliyekuja kuuguzwa. Wakawa wanakwenda tena kila Jumamosi mchana. Waliondoka jua likiwa limekwisha kuinamia mbele yao, wakarudi Jumapili asubuhi likiwa mbele yao tena. Taratibu aliteremsha kile kibao cha juu ya usukani akakinga macho yake. Hakulifikiria jua zaidi ya hapo.

Ndipo Jumanne moja, wakinywa chai, mdogo wa mkewe akapiga simu. Mama hakuwa amekula tangu jana, na usiku alikuwa amezungumza na watu wasiokuwepo. Mkewe aliinuka na kikombe kikiwa bado mkononi. Taratibu akakifunga kioo upesi, wakaondoka asubuhi hiyohiyo, jua likiwa nyuma yao.

Barabara ilikuwa tulivu. Lori lilitokea baada ya kiwanda, nalo halikuwaganda. Lilikaa mbali, likidumisha nafasi kwenye kona na kwenye mnyooko. Mke wa fundi alilitazama kwenye kioo cha ubavuni hata mabega yake yakashuka.

"Huyu ana adabu," alisema.

Hayo yakiwa bado mdomoni, aliona weupe ukiwaka kwenye kioo cha mbele cha lori lile, weupe unaorukaruka kama cheche ya fundi wa kuchomelea vyuma. Akaona mkono wa dereva ukinyanyuka kukinga uso. Lori liliyumba, likatoka kwenye lami, likaingia mtaroni na kulala ubavu. Kishindo kilikuja baadaye kidogo, na baada yake wingu la vumbi la saruji.

"Simama," alisema.

"Kuna nini?"

"Fundi, simama."

Waliacha gari palepale pembezoni, wakarudi kwa miguu. Watu wa mashambani walikuwa wameshafika na walikuwa wanamtoa dereva kupitia dirishani. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu za mvi, mweupe wa saruji kuanzia kichwani, mkono wake mmoja ukiwa umening'inia isivyo kawaida. Madereva wenzake walimwita Babu Gia.

"Kuna kitu kimeniwakia machoni," alikuwa akisema, akimwambia kila aliyemshika. "Kimewaka tu. Sikuona barabara."

"Pole, mzee. Usiongee."

Taratibu aligeuka kuitazama pikapu yake. Kisha akatazama lori. Kwenye ubavu wa lori lililolala, juu ya turubai lenye vumbi, palikuwa na kipande cha mwanga chenye pembe nne, kikitetemeka kidogo kila upepo ulipoigusa pikapu kule mbele. Mkewe alikuwa anakitazama hichohicho. Taratibu alirudi kwenye gari, akavua koti, akakifunika kioo, na ule mwanga ukazimika juu ya turubai.

Babu Gia alichukuliwa na gari lililokuwa likielekea mjini. Wao waliendelea na safari kwa sababu hawakujua la kufanya zaidi. Mama waliyemkuta alikuwa ametulia. Alikunywa uji kijiko baada ya kijiko, akamshika binti yake kidole kimoja na kulala nacho. Asubuhi ya pili kioo kilirudi nyumbani kikiwa kimelazwa na kuvingirishwa blanketi. Kwenye tuta la shule lori moja liliwasogelea, na mkewe alifumba macho hadi lilipopinda njia ya kiwandani.

Walipofika nyumbani hakushuka mara moja.

"Nani atamwambia yule mzee?" aliuliza.

Taratibu alizima gari. "Nilitaka upate usalama."

"Najua ulichotaka. Nakuuliza nani atamwambia." Akafungua mlango. "Mimi na gari hili basi, mpaka ajue. Sitakwenda kwa mama yangu nikiwa nimepita juu ya mtu."

Wodi alimolazwa Babu Gia ilikuwa ndefu, vitanda pande mbili, madirisha ya vioo vya kupandana ambavyo baadhi vilikuwa vimetoka na kuzibwa kwa makaratasi. Kwa mazoea ya kazi Taratibu alivihesabu vilivyotoka, kisha akaona aibu kwa kuvihesabu. Babu Gia alikuwa amekaa, mkono ukiwa ndani ya plasta, akimenya chungwa kwa meno na mkono mmoja.

"Wewe ni yule wa Gari la Kinyozi," alisema. "Kaa, fundi. Asante kwa kuja kunitazama."

"Sikuja kukutazama tu, mzee." Taratibu hakukaa. Akamwambia. Alimweleza kama anavyomweleza mteja kwa nini kipande kimekatwa kifupi: kwamba kioo kilikuwa kimelazwa kutazama juu, kwamba asubuhi ile jua lilikuwa nyuma, kwamba lilishuka kwenye kioo na kioo kikalirusha pale alipokuwa.

Babu Gia aliweka chungwa kwenye shuka. Akajifuta vidole kwenye blanketi, kimoja kimoja.

"Unajua ofisini wameandika nini?" hatimaye alisema. "Wameandika nililala. Mimi kulala nalala nyumbani, tena kwa shida, maana mke wangu anakoroma kama trela. Leo wananiambia nililala saa mbili asubuhi. Wanataka kuninyang'anya gari."

"Nisamehe, mzee."

"Subiri kwanza, nisikie hasira. Bado sijaimaliza." Akatazama ukuta. Baada ya muda akaendelea, sauti ikiwa imeshuka. "Kioo chako nakijua. Niliwahi kujiona humo. Nilikuwa nimekuganda hivi, nina haraka ya upuuzi tu. Nikaona bampa langu, kubwa, na huko juu yake uso mdogo umekunja midomo. Nikasema, kumbe ndivyo ninavyofanana. Tangu siku ile nikawa nakaa mbali na kila mtu. Wenzangu wakawa wananicheka, Babu Gia ameanza kuzeeka."

Taratibu alijua vioo, na hakuweza kulinyamazia lililokuwa kweli. "Na kukaa mbali ndiko kulikokuponza. Ungenisogelea, lori lako lenyewe lingekinga jua. Kivuli chake kingefunika kioo."

Wazee wawili wakatazamana. Lilikuwa jambo baya kiasi kwamba hapakuwa na mtu wa kulipigia kelele.

"Basi nami nikuambie la kwangu," Babu Gia alisema. "Kutoka kule juu naona barabara juu ya paa lako. Naiona hadi kona ya pili. Wewe uko chini hapa, kama kiatu changu, na macho yananidanganya kwamba uko mbali. Halafu nina mzigo mgongoni. Ukigusa breki ili kunitisha, na wengi wenu mnafanya hivyo, unanitisha kweli, maana mimi najua sitasimama. Usifanye. Acha nafasi mbele yako, usije ukalazimika kukanyaga breki ghafla. Ukiniona nimekuganda, usishindane nami wala usikimbie. Tafuta mahali papana, washa indiketa mapema nikuelewe, unipishe, nipotee na haraka zangu."

"Na wewe?"

"Mimi natakiwa nikae mbali. Hapo sina utetezi." Akalichukua chungwa tena, akalitazama, akampa Taratibu alimalizie kumenya. "Haya uliyoniambia, utayasema ofisini?"

Taratibu alimenya. Aliiona leseni yake mezani pa trafiki. Aliiona barabara ya mlimani na mama mkwe amelala mwisho wake, na mkewe ambaye hapandi gari lolote ila la mumewe.

"Nitasema."

Ofisi ya kampuni ya malori ilikuwa na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Mkuu wa usafirishaji alikuwepo, na ofisa wa trafiki aliyekuja na kofia yake mkononi.

"Nani alikuambia ufunge kioo nyuma ya gari?" aliuliza ofisa.

"Hakuna, afande."

"Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri mtu akijiona atarudi nyuma."

Ofisa alimtazama kwa muda, akitafuta kama kuna kejeli, asiione. Babu Gia aliachiwa kazi yake, arudi mkono ukipona. Leseni ya Taratibu ilibaki mezani pale, hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Alitoka nje akasimama karibu na pikapu yake ambayo hakuruhusiwa kuiendesha, akampigia simu kijana wa gereji aje amrudishe nyumbani na pikapu.

Mkewe alikuwa anashona. Alimsikiliza hadi mwisho, mguu ukiwa umesimama juu ya kanyagio.

"Na mama?" aliuliza.

Taratibu aliinama akaokota vipande vya uzi sakafuni. Mkewe akaendelea kushona, pindo refu la pazia jeupe, hadi mwisho wake. Alipofika kwenye kona, akiwa amempa mgongo, alisema, "Umefanya vizuri." Hakulirudia.

Kuanzia hapo vioo vilisafiri kwa mkokoteni. Taratibu alisukuma mwenyewe, kifua mbele, na magari yote ya mji yakawa nyuma yake, makubwa na madogo. "Taratibu, sasa umepata gari la saizi yako," walimwambia vijana wa gereji. Alipofika mahali papana alisogea kando, akayaacha yapite, akarudi barabarani. Simu za mdogo wa mkewe ziliendelea kuja. Mama amekula kidogo. Mama hajala. Mama leo hakuuliza, na hilo ndilo lililomfanya mkewe aweke mkasi chini na kukaa muda mrefu akitazama dirisha ambalo mumewe aliliwekea kioo na yeye akaliwekea pazia.

Babu Gia aliingia karakanani asubuhi moja, mkono uliotoka kwenye plasta ukiwa mwembamba kuliko mwenzake. Lori lilikuwa nje, likinguruma.

"Napeleka saruji upande ule wa mlima," alisema. "Nimesikia habari za mama mkwe. Kuna nafasi ya wawili."

Taratibu alimtazama mkewe, aliyekuwa ameleta chai.

"Kwenye lori?" aliuliza mkewe.

"Si kwenye baiskeli, dada."

"Mimi naliogopa hilo kuliko kitu chochote."

"Najua. Fundi aliniambia. Ukiwa ndani yake, angalau hili halitakuja nyuma yako."

"Litakuja jingine."

"Litakuja," Babu Gia alikubali. "Hapo siwezi kukudanganya."

Mkewe alikwenda ndani. Walimsikia akifungua kabati, akilifunga. Alitoka amevaa viatu vya safari, na khanga ya mama yake mkononi, iliyofuliwa na kukunjwa.

Alipanda ngazi za lori kwa kusukumwa na mumewe kwa chini na kuvutwa na Babu Gia kwa juu. Akakaa dirishani. Mji ulikuwa umeshuka. Aliona mapaa ya magari, vipara vya waendesha baiskeli, vikapu vilivyo vichwani na vilivyomo ndani yake. Walipoanza kushuka mlima gari dogo la bluu lilikuwa mbele yao, na alilitazama kwa muda mrefu kabla hajasema.

"Kaa mbali kidogo, shemeji."

"Niko mbali."

"Hauko."

Babu Gia akatazama, akapunguza gia. Lori likaguna na kubaki nyuma. Pengo likafunguka mbele yao. Dakika hiyohiyo gari jingine likaja kutoka nyuma, likawapita na kujichomeka katikati, na pengo likafungwa. Akapunguza tena.

"Ndiyo siku yangu nzima hii, dada," alisema. "Natengeneza nafasi, watu wanaingia."

"Itengeneze tena."

Akaitengeneza tena. Taratibu alikuwa amebanwa katikati yao. Nyuma yao, kwenye kioo kirefu cha ubavuni, lori jingine lilikuwa limetokea na lilikuwa linasogea. Mkewe aliliona. Mikono yake ilikaza khanga. Babu Gia naye aliliona, akawasha indiketa mapema, akasogea kando mahali papana walipopafikia, akalipisha. Lilipita kwa upepo na kishindo, gari lote likatikisika. Mke wa fundi alilitazama hadi likapotea, macho yakiwa wazi.

Lori halikuweza kuingia kwenye uchochoro wa mama. Walishuka barabarani, wakatembea. Mdogo wake alikuwa mlangoni, ameinua mkono kumwashiria kwamba bado, bado yupo.

Chumba kilikuwa na joto la mtu aliyelala siku nyingi. Mke wa fundi alipiga magoti karibu na kitanda. "Shikamoo, mama."

Ilichukua muda jibu kufika. "Marahaba." Macho yalimtafuta, yakampata. "Mmechelewa."

"Tulikuwa tunapisha watu, mama."

"Mmekuja na nini?"

"Lori."

Mama yake aliwaza juu ya hilo. "Lori kubwa?"

"Kubwa sana."

"Umeogopa?"

"Ndiyo," alijibu, akakunjua khanga, akamfunika mabega.